Tathmini ya sanduku la majaribio ya usanisinuru: vioo na sirinji vinafaa, mwanga tuliachie jua

Sanduku ninalolitathmini hapa, la majaribio ya usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyotumia mwanga kutengeneza chakula, nililinunua katika duka moja la vifaa vya shule lililopo Kariakoo, Dar es Salaam, kwa shilingi 180,000, na lilinifikia Morogoro kwa basi siku iliyofuata bila kioo hata kimoja kuvunjika. Nimelitumia kwa mihula miwili na wanafunzi wangu wa kidato cha pili katika shule ya kata ambayo ina chumba kinachoitwa maabara, chenye meza nne na bomba moja la maji, lakini hakina gesi na mara nyingi hakina umeme. Ninawaandikia walimu wenzangu wa Baiolojia pamoja na wajumbe wa bodi za shule ambao wameliona sanduku hili madukani na wanajiuliza kama fedha za shule au michango ya wazazi zitumike kulinunua. Jibu langu ni kwamba vioo, sirinji na vibanio vina thamani inayolingana na bei, ila taa na kijitabu cha maelekezo vimeniangusha, na mwalimu atakayefuata kijitabu hicho neno kwa neno atapata matokeo yanayopinga kile anachokifundisha.

Ndani ya sanduku mna neli za majaribio 12, bika 2 za mililita 250, faneli ya kioo, sirinji 2 za mililita 20 zisizo na sindano, koleo za kushikia majani, vibanio, chupa ya aidini, kopo la sodiamu baikaboneti, kifuko cha sodalaimu kwa ajili ya kunyonya hewa ya ukaa, karatasi nyeusi, vipande vya plastiki vyenye rangi nyekundu, bluu na kijani, taa ndogo ya LED inayotumia betri, kichomeo kidogo cha spiriti na kadi moja kubwa yenye mchoro wa jani. Spiriti yenyewe haimo, na hilo ni jambo la busara, kwa sababu haifai kusafirishwa katika buti la basi. Nilinunua spiriti isiyo na rangi katika duka la dawa.

Jaribio la kwanza ambalo kijitabu kinalielekeza ni lile la kuonyesha kwamba jani linahitaji mwanga ili litengeneze wanga. Maelekezo ni mafupi: funika sehemu ya jani kwa karatasi nyeusi asubuhi, liache juani kwa saa 4, lichume, litoe rangi yake ya kijani, kisha lidondoshee aidini, ambayo hugeuka nyeusi inapokutana na wanga. Tulifanya hivyo kwa kutumia majani ya muhogo yaliyokuwa kwenye ua wa shule. Wanafunzi 62 walizunguka meza wakisubiri sehemu iliyofunikwa ibaki na rangi ya kahawia ya aidini na sehemu iliyoachwa wazi igeuke kuwa ya bluu iliyokoza hadi weusi. Jani lote likageuka jeusi, sehemu iliyofunikwa pamoja na iliyoachwa wazi. Msichana mmoja aliyekaa mbele akaniuliza kwa adabu, «Mwalimu, ina maana jani linaweza kutengeneza chakula gizani?» Sikuwa na la kumjibu zaidi ya kuwaomba turudie baada ya siku chache.

Kasoro ilikuwa katika kijitabu, ambacho kimeacha hatua inayolibeba jaribio zima. Jani lililokuwa juani jana tayari lina wanga ndani ya kloroplasti zake, zile sehemu ndogo za kijani zilizomo ndani ya seli. Mchana jani hutengeneza sukari haraka kuliko linavyoweza kuisafirisha, hivyo ziada huihifadhi kwa muda kama wanga. Usiku wanga huo humeng'enywa tena kuwa sukari na kupelekwa kwenye mizizi, matunda na ncha zinazokua. Usiku mmoja si lazima utoshe kulimaliza ghala hilo. Kwa hiyo mmea unapaswa kuwekwa gizani kwa saa zipatazo 48 kabla ya jaribio, na jani moja lipimwe kwanza kuhakikisha kwamba halina wanga, ndipo karatasi nyeusi ifungwe na mmea utolewe nje. Tusipofanya hivyo, tunapima wanga wa jana na kudhani ni wa leo. Mstari mmoja tu katika kijitabu ungetosha kusema haya, na ninaona ni kosa kubwa kwa bidhaa inayouzwa kwa ajili ya shule kuuacha.

Muhogo uliopandwa ardhini hauwezi kuingizwa kabatini, kwa hiyo wanafunzi walipanda matembele katika makopo ya rangi yaliyokatwa na kutobolewa chini. Baada ya wiki 3 tulikuwa na mimea ya kutosha. Tuliiweka ndani ya kabati la vitabu kwa siku mbili, tukapima jani moja na kuliona limebaki kahawia, tukafunga karatasi nyeusi zilizokatwa kwa maumbo ambayo kila kundi lilijichagulia, tukaitoa mimea juani kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana. Safari hii jani lilipooshwa na kulazwa kwenye sahani nyeupe, aidini ilichora mpaka unaoonekana wazi: nje ya karatasi palikuwa peusi, na chini ya karatasi palibaki umbo la kahawia hafifu. Msichana yule alikuwa amekata herufi ya kwanza ya jina la mama yake, na herufi ikasomeka. Vibanio vya sanduku vilisaidia sana hapa, kwa kuwa vinabana karatasi bila kuumiza jani wala kuziba hewa pande zote.

Kuna jambo la usalama ambalo sitalipita haraka. Ili rangi ya aidini ionekane, klorofili, yaani rangi ya kijani ya jani, ambayo vitabu vya shule za msingi huiita umbijani, lazima iondolewe kwanza, nayo huyeyuka katika spiriti iliyopashwa moto. Kijitabu kinasema tu «pasha spiriti moto» na kinaonyesha mchoro wa kichomeo kikiwaka karibu na neli. Mvuke wa spiriti hushika moto kwa urahisi mno, na katika darasa lenye wanafunzi wengi wanaosogea ili waone, mchoro huo ni hatari. Spiriti huchemka kwenye nyuzijoto 78 hivi, kwa hiyo haihitaji moto hata kidogo. Mimi huja na maji yaliyochemka kwenye chupa ya chai, ninayamimina ndani ya bika, kisha ninasimamisha humo neli yenye jani na spiriti. Ndani ya dakika chache spiriti inaanza kutoa viputo na kugeuka kijani, huku jani likibaki jeupe kama karatasi iliyolowa. Kabla ya hapo jani linakuwa limechovywa katika maji yanayochemka kwa dakika moja ili seli zife na wanga usiendelee kubadilika, na baada ya spiriti linarudishwa katika maji ya moto ili lilainike, maana hukakamaa na kuvunjika. Kichomeo cha sanduku hili nimekifungia kwenye droo na sijakihitaji.

Kwa jaribio la klorofili tulitumia akalifa yenye majani ya kijani na kingo nyeupe, ambayo hupandwa sana kama ua wa nyumba. Mchoro wa jani unaochorwa na mwanafunzi kabla ya kulichemsha hulingana vizuri na ramani ya weusi inayotokea baadaye: palipokuwa na kijani pana wanga, palipokuwa peupe hapana. Krotoni haikutufaa, kwa sababu jani lake ni nene na lina nta, na spiriti ilichukua muda mrefu kupenya. Kijana mmoja alileta majani ya kitunguu, tukayapima kwa uaminifu uleule, na aidini ikabaki kahawia ingawa mmea ulikuwa juani tangu asubuhi. Hilo lilitupa kipindi kizuri kuliko nilivyopanga, kwani kitunguu hutengeneza chakula kama mimea mingine lakini jani lake huhifadhi sukari badala ya wanga. Aidini hugundua wanga peke yake, na mwanafunzi aliyeona jani la kitunguu hatadai tena kwamba jani lisilogeuka jeusi halikufanya usanisinuru.

Sehemu bora ya sanduku hili, na ambayo kwa maoni yangu inatosha kulipia nusu ya bei, ni sirinji mbili za mililita 20. Kijitabu kimezitaja katika ukurasa wa mwisho kama jambo la ziada. Unakata visahani vidogo vya jani kwa panchi ya karatasi, vipatavyo 10, unaviweka ndani ya sirinji pamoja na maji yenye sodiamu baikaboneti kidogo, gramu 1 kwa nusu lita ya maji, na tone moja la sabuni ya maji. Unaziba mdomo wa sirinji kwa kidole na kuvuta pistoni nyuma. Hewa iliyomo katika nafasi za kati ya seli hutoka, na unapoachia pistoni, maji huingia mahali pake na visahani huzama. Kisha unavimimina katika bika na kuipeleka kwenye mwanga. Baikaboneti huvipatia hewa ya ukaa, mwanga huvipatia nguvu, na oksijeni inayotengenezwa hujikusanya ndani ya jani hadi kisahani kimoja kinatikisika, kinasimama kwa ukingo wake, kisha kinapanda juu. Darasa zima huhesabu kwa sauti. Tukiifunika bika kwa kitambaa cheusi, baada ya muda visahani huanza kuzama tena, kwa kuwa seli zinaendelea kupumua na kuitumia oksijeni ile huku hakuna mpya inayotengenezwa.

Sijui jaribio jingine linaloonyesha usanisinuru na upumuaji wa mmea katika kipindi kimoja, bila moto na bila kemikali ya hatari. Majani laini ya spinachi yanatufaa zaidi. Ya mchicha pia yanafanya kazi, na kwa wanafunzi wa kidato cha tano na sita yana ziada ya kuzungumziwa, kwa sababu mchicha, kama mahindi, mtama na muwa, umo katika kundi la mimea inayokusanya hewa ya ukaa kwa njia ya C4, yaani kwa kuinasa kwanza katika kiunganiko chenye kaboni nne, njia iliyowekwa wazi na Marshall Hatch na Roger Slack huko Australia katika miaka ya 1960 walipokuwa wakichunguza muwa.

Sirinji hizo ndizo zilizoifichua taa. Kijitabu kinajivunia kwamba kwa taa hii majaribio yanaweza kufanyika wakati wowote, hata siku ya mvua, na bila shaka hiyo ndiyo sababu bei yake ni kubwa. Tuliweka bika mbili zenye visahani 10 kila moja, moja chini ya taa kwa umbali wa sentimita 20 na nyingine nje penye jua la saa 5 asubuhi. Bika ya juani tuliisimamisha ndani ya beseni la maji ili joto lisipande na kutuchanganyia sababu. Juani, kisahani cha kwanza kilipanda dakika ya 5 na vyote 10 vilikuwa juu kufikia dakika ya 14. Chini ya taa, dakika ya 30 ilipopita, ni vitatu tu vilivyokuwa vimepanda. Programu ya kupima mwanga kwenye simu yangu, ambayo naichukulia kama makadirio tu, ilisoma lux 1,900 (lux ni kipimo cha mwangaza) chini ya taa. Jua la mchana lisilo na mawingu hutoa lux zipatazo 100,000. Macho yetu hujirekebisha haraka kiasi kwamba chumba chenye taa huonekana kina mwanga wa kutosha, ila jani halina macho ya kujirekebisha. Linahesabu mwanga unaolifikia.

Hata hivyo taa hiyo ina matumizi moja halali, nayo ni kuonyesha jinsi mwanga unavyopungua kwa umbali. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga kutoka chanzo kidogo hupungua hadi robo, na wanafunzi wanaweza kuchora grafu. Lakini kwa kuwa hata kwa sentimita 10 mwanga ni hafifu, tofauti kati ya sentimita 30 na 40 haikuonekana kwetu kabisa. Tuliisogeza taa ikawa inakaribia kugusa bika ndipo tukapata kitu cha kuhesabu. Nashauri duka liuze sanduku bila taa na kupunguza bei. Kwa shule za kwetu, ambako jua linapatikana sehemu kubwa ya mwaka, kulipia mwanga wa betri ni kulipia kitu kilicho hafifu kuliko kile kinachoingia dirishani. Wakati wa masika mimi hupanga mada nyingine na kuusogeza usanisinuru mbele.

Plastiki za rangi nazo zinahitaji tahadhari. Kijitabu kinaahidi kwamba jani lililo chini ya plastiki ya kijani halitatengeneza wanga. Letu lilitengeneza, kidogo kuliko chini ya nyekundu na bluu, lakini lilitengeneza. Sababu ni mbili. Kwanza, plastiki hizi hazichuji vizuri: nilipotazama taa kupitia ile ya kijani na kuilinganisha na ile ya bluu, niliona kwamba zinapitisha rangi nyingine pia. Pili, na hili ni la msingi, jani huonekana kijani kwa sababu hurudisha kijani zaidi kuliko rangi nyingine, lakini halirudishi kijani chote. Sehemu kubwa ya mwanga huo huendelea kuzunguka ndani ya jani na kunaswa. Klorofili hunasa zaidi bluu na nyekundu, na Mjerumani Theodor Engelmann alilionyesha hilo katika miaka ya 1880 kwa kumulika mwani kwa upinde wa rangi chini ya hadubini na kuona bakteria wanaopenda oksijeni wakisongamana kwenye maeneo ya nyekundu na bluu. Walisongamana huko zaidi. Hiyo haina maana kwamba kijani kilitoa sifuri. Nawaomba walimu wenzangu waziandike tofauti hizi kama kiasi, bila kuzigeuza kuwa ndiyo na hapana.

Jaribio la magugu ya majini, ambalo hukusanya ndani ya neli gesi inayotoka kwenye mmea uliofunikwa kwa faneli ndani ya maji, halina mengi ya kusemwa. Faneli iliyomo ni pana mno kwa bika iliyomo, jambo ambalo lingegunduliwa na yeyote ambaye angelijaribu sanduku hili mara moja kabla ya kulifunga. Tulitumia kopo pana la plastiki angavu, na baada ya siku mbili za jua gesi iliyokusanyika katika neli ilikiwasha tena kijiti chenye kaa, ishara kwamba ni oksijeni. Kopo la baikaboneti litaisha kabla ya vitu vingine vyote, lakini bekingi soda ya dukani ni kitu kilekile. Wanafunzi waliuliza kama magadi yanaweza kutumika. Hayafai, kwa sababu yana kaboneti nyingi pamoja na baikaboneti, hivyo maji huwa na ukali wa alkali unaoacha hewa ya ukaa kidogo sana kwa jani kuitumia.

Nimebakiza kadi kubwa yenye mchoro, ambayo imechapishwa vizuri na ningependa kuibandika ukutani kama isingekuwa na mshale mmoja. Mshale huo unaonyesha hewa ya ukaa ikiingia jani na kugawanyika, kaboni ikienda kwenye sukari na oksijeni ikitoka nje. Si hivyo. Oksijeni inayotoka kwenye jani hutokana na maji. Mwaka 1941 Samuel Ruben, Martin Kamen na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliupa mwani maji yenye oksijeni nzito ya aina ya 18, na gesi iliyotoka ikafuata alama ya maji. Mwanga unapopiga klorofili, nguvu yake hutumika kuyagawanya maji. Oksijeni huachiwa, na elektroni pamoja na hidrojeni hutumika katika hatua zinazofuata kuigeuza hewa ya ukaa kuwa sukari. Hatua hizo za baadaye ndizo alizozifuatilia Melvin Calvin na wenzake kwa kaboni ya aina ya 14, kazi iliyompatia Calvin Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1961. Nimeukata mshale ule kwa kalamu nyekundu na kuchora mwingine kutoka kwenye mzizi, na wanafunzi wanajua kwa nini.

Kijitabu chote kimeandikwa kwa Kiingereza tu. Natambua kwamba mtihani nao ni wa Kiingereza, lakini mwanafunzi wa kidato cha pili aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili angefaidika na ukurasa mmoja wa istilahi. Neno letu lenyewe, usanisinuru, limebeba usanisi, yaani kuunda kitu kwa kuunganisha vingine, na nuru, na ninapolifungua ubaoni darasa hulipata wazo kabla ya kufika kwenye mlinganyo. Niliandaa ukurasa huo kwa mkono na sasa tunautoa nakala.

Aidini ililetwa katika chupa angavu ya plastiki, na baada ya miezi miwili ilikuwa imepauka na haikutoa weusi wa kutosha. Nilipopiga simu dukani walinitumia nyingine bila malipo, na muuzaji alinisikiliza kwa heshima nilipomweleza kuhusu saa 48 za giza na ule mshale. Alisema atawafikishia watengenezaji. Chupa mpya nimeifunga kwa karatasi ya alumini na kuiweka kabatini. Atakayenunua sanduku kabla maelekezo hayajarekebishwa aagize pia chupa ya kahawia, aombe kupunguziwa bei kwa kuacha taa, na aanze kupanda matembele yake wiki 3 kabla ya kipindi.